Vioo Vinavyokodolea Jua

Asilimia arobaini na moja. Jana yake ilikuwa thelathini na tisa. Mtu akiniambia jua ni la bure siku hizi natamani kumzaba kofi.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Shule yangu iko nyuma tu ya mtaa wetu, naenda kwa miguu, kwa hiyo gari langu hushinda nyumbani. Ni gari dogo la umeme, la mitumba, linachomekwa kwenye waya unaoshuka kutoka juu ya nyumba, zilipo paneli za sola. Paa letu ni la zege, bapa, lina ngazi ya nje, na huko ndiko tunakoanika nguo. Mpango ulikuwa mwepesi: mimi nafundisha watoto kuhesabu, jua linawaka, gari linashiba. Umeme wa kawaida usiniulize. Transfoma ya mtaa iliungua, wakaja watu na kofia zao ngumu, wakaitazama, wakatikisa vichwa, wakaondoka. Mpaka leo.

Na jua lilikuwepo! Hilo ndilo lililokuwa likinitia wazimu. Ingekuwa mvua ningesema ni amri ya Mungu. Lakini lilikuwa jua la kupasua mawe, nguo zinakauka hujamaliza kuanika, na bado kila jioni nikiwasha gari nitazame chaji, namba imesogea kidogo tu, kama inanidhihaki.

Ningekuwa nakwenda harusini ningesusa, nikalala zangu. Lakini Ijumaa asubuhi Baba alitakiwa hospitali ya macho, mji wa mbali. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, mtu akisimama mbele yake anaona kivuli tu. Daktari bingwa wa kumfanyia upasuaji huja wiki moja tu kwa mwaka, kisha anakwenda zake. Mwaka uliotangulia Baba alikosa kwa sababu ya homa. Tukikosa na huu, tungekaa mwaka mwingine mzima, na daktari alishatuonya kuwa kadiri tunavyochelewa ndivyo kazi inavyozidi kuwa ngumu.

Mtasema, si mpande basi? Mwezi uliopita Baba alisukumwa kituoni, akaanguka kifudifudi, akachubuka uso mzima. Aliponyanyuka alisema, "Basi sipandi tena, hata mnibebe. Nitakwenda na gari la binti yangu, lile lisilopiga kelele." Na Baba akishasema, amesema. Kaka yangu ni dereva wa lori, wiki hiyo alikuwa safarini huko mbali. Nilipompigia aliangua kicheko.

"Gari la kuchaji kama simu! Hebu liulize kama lina tochi."

"Kaka, sina utani leo."

"Haya, haya. Lakini akikosa safari hii, mdogo wangu, tutakula sahani moja."

Nikakata simu. Kusaidia hakusaidii, kutisha anatisha.

Baba sikumwambia kitu. Ningemwambia gari halijai, angesema, "Basi mwanangu tuache, macho yenyewe ya kizee haya." Kwa hiyo kila jioni aliponiuliza, "Vipi, gari linakula?" nilimjibu, "Linakula, Baba," huku nameza mate machungu. Naye alikuwa na raha zake wiki ile. Alikuwa ametoa cherehani yake uvunguni. Maana Baba alikuwa fundi makochi, nusu ya mji huu wameketi juu ya kazi yake, na nyumbani kwetu hakuna kitu kilicho uchi. Redio ina nguo yake, televisheni ina yake, hata mtungi wa gesi umevaa gauni lenye marinda. Ukitafuta rimoti, lazima uvue nguo vitu vitatu.

"Unashona nini na macho hayo?" nilimuuliza.

"Nachezea kitambaa tu. Mikono inawasha."

Nikamwacha. Nilikuwa na yangu.

Yangu ilikuwa fundi sola. Jina lake silijui vizuri, mtaani tunamwita Hamna Shida, kwa sababu hata nyumba ikiwaka moto yeye husema hivyo. Jumatatu nikampigia. "Dada, hamna shida, hilo vumbi. Pangusa." Kabla ya kwenda shule nikapanda juu na ndoo na kitambaa, nikapangusa mpaka nikajiona usoni. Jumanne nikampigia. "Hamna shida, kivuli cha tangi la maji." Kivuli hakikuzifikia paneli, lakini nilitafuta vijana wa mtaani, tukalisukuma tangi, mgongo ukalia kwa! Jumatano asubuhi nikampigia tena. "Hamna shida, zima friji." Nikazima friji. Maziwa yakaganda. Jioni nikawasha gari: arobaini na tano.

Kufika hospitali tu kunataka sitini. Kurudi, tusiongee.

Alhamisi maji yalikuwa yamenifika shingoni. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikatoka shuleni na chaki bado mkononi, nikaenda hadi kwenye kibanda cha Hamna Shida, nikamkuta anakunywa chai.

"Inuka."

"Dada, hamna..."

"Ukimalizia neno hilo nakumwagia hiyo chai. Inuka twende ukaone kwa macho yako!"

Akainuka. Njia nzima nilimsema. Nilimwambia ameniuzia mabati yaliyopakwa rangi, nilimwambia baba yangu atabaki kipofu kwa ajili yake. Watu walisimama kututazama, sikujali. Tulipofika tukapanda ngazi ya nje, mimi mbele, nahema kwa hasira na jua la utosi.

Paneli hazikuonekana.

Palikuwa na kochi. Ndivyo nilivyodhani mwanzoni, kuna mtu kaweka kochi kubwa juu ya paa letu. Kumbe ni kava. Kava la kitambaa kizito cha kahawia, kile cha makochi, limevalishwa paneli zote, lina lastiki kwenye kona na limekaa sawasawa, halina hata kunyanzi. Mishono tu ndiyo iliyokuwa imepindapinda, inapanda na kushuka, pengine uzi umekimbilia pembeni kabisa.

Hamna Shida alikuna kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema polepole. Kisha akatazama pembeni, maana Baba alikuwa ameketi pale, kwenye kigoda, kwenye kivuli cha tangi nililovunjia mgongo, ameshika kofia yake.

"Umerudi mapema," Baba alisema. Alitabasamu. "Nilitaka ulione likiwa tayari lote. Bado kona moja."

"Baba! Umefanya nini?" Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia Baba kelele maishani mwangu. "Umefanya nini, Baba?"

Tabasamu likaondoka. "Daktari si alisema jua ndilo lililonila macho? Akasema nivae kofia, nivae miwani. Nikawaza, vioo vya mwanangu vinakodolea jua kutwa nzima, havina hata kope. Vitapofuka kama mimi. Kwa hiyo likiwa kali nafunika. Likipoa nafunua, usije ukahangaika kufunua mwenyewe."

Nilikuwa na hasira za wiki nzima na ghafla sikuwa na pa kuziweka. Nilitaka kulia, nilitaka kuvunja kitu, nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumrudisha Jumatatu nianze naye upya. Nilimtazama Hamna Shida, ambaye nilikuwa nimemtukana mbele ya mtaa mzima. Yeye alikuwa ameinama anavua lastiki, kona ya kwanza, kona ya pili.

"Vinakula jua, Mzee," alisema kwa upole. "Ndilo chakula chake."

"Vinakula jua?"

"Ndiyo, Mzee. Gari nalo linalishwa na vioo hivyo."

Baba akanigeukia. "Kwa hiyo gari halina kitu?"

"Lina nusu," nikasema.

"Uliniambia linakula."

"Nawe uliniambia unachezea kitambaa."

Baba alinyoosha mkono kupapasa kava alikunje, nikamnyang'anya, nikashuka nalo na kulitupa ndani ya gari, kiti cha nyuma, nisilione juu ya paa tena. Jua la mchana uliobaki lilitupa mpaka hamsini na nane, likazama.

Ijumaa tuliondoka alfajiri. Nilizima kiyoyozi, nikazima redio, nikaendesha taratibu mpaka baiskeli zikatupita. Malori yalipiga honi nyuma yetu, na kila honi nilimkumbuka kaka. Baba alikaa nyuma juu ya kava lake, wala hakulalamika joto. "Nasikia ndege," alisema mara moja. Macho yangu yalikuwa kwenye namba. Kumi. Sita. Tatu. Mwishowe kikatokea kijipicha cha kobe, maana yake gari limechoka, linatambaa tu, na hospitali ilikuwa mbele, naiona! Gari lilizimika hatua chache kutoka getini. Mlinzi akaja anapunga mikono, hapa haparuhusiwi kuegesha. Nikamwambia, "Kaka, lisukume unakotaka, ufunguo huo," nikamshika Baba mkono tukaingia.

Muuguzi alitutazama, akatazama saa ya ukutani. "Mmechelewa. Wenzenu wote wameshaandaliwa."

"Najua."

"Mnajua halafu mnakuja saa hizi?"

Kwa hasira nilizokuwa nazo ningeweza kumjibu la kumjibu. Nilifumba mdomo. Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu, mwalimu mzima, viatu vya kazi miguuni. Muuguzi akafyonya, akasema, "Inuka, mama, usinitie aibu. Atakuwa wa mwisho." Baba akawa wa mwisho.

Wakati anafanyiwa upasuaji, Hamna Shida alinipigia. Ana mwenzake karibu na hospitali, mwenye karakana na sola nzuri, akasema nilisukume gari huko. Nikaanza kumwomba radhi. Akasema hamna shida.

Jumamosi walimfungua Baba bandeji ya jicho moja. Alinitazama kwa muda mrefu. "Umezeeka," alisema, kisha akacheka peke yake. Alisoma mabango yote ukutani kwa sauti, mpaka lile la choo. Nje alisimama kutazama mti, akasimama kutazama mbuzi, na mimi namvuta kwa kuwa gari lilikuwa tayari na jua lilikuwa linakwenda.

Nikamfungulia mlango wa nyuma. Aliinama aingie, akasita. Alivuta upande mmoja wa kava, akausogeza karibu na jicho jipya, akaufuatisha mshono kwa kidole, unapopanda, unaposhuka, uzi ulipokimbilia pembeni. Uso ulimbadilika. Baba hajawahi kuvumilia kazi mbovu.

"Nani kashona uchafu huu?" alifoka. "Fundi gani huyu? Kipofu?"

Nilishika mlango wa gari. Nilitaka kumdanganya mara moja tu zaidi.

"Alikuwa kipofu, Baba."

Alibaki ameinama vile vile, kitambaa mkononi. Kisha akaingia, akaketi juu yake, na akaniomba nikipita dukani nimtafutie uzi wa kahawia.