Keremkerem Wamekataa Kuingia

Munyiva alikuwa akimpelekea mumewe uji mtoni, chini ya soko la Wamunyu, alipoona jambo lililomsimamisha. Tangu mvua ya Elinino ikome, keremkerem, wale ndege wa kijani wanaotoboa viota vyao katika udongo wa ukingo, walikuwa wakiingia na kutoka mchana kutwa. Leo walikuwa wamejipanga kwenye mgunga ng'ambo, wadudu midomoni, wakiyatazama mashimo yao. Ndani, vifaranga walilia njaa. Hakuna mzazi aliyeingia.

Mama akiogopa kumfikia mwanawe, Munyiva aliwaza, humo ndani mna nini?

Chini ya mashimo hayo ndipo mumewe, Kimeu, alipokuwa akichimba. Mchanga wa katikati ya mto ulikuwa umekwisha kubebwa na malori, na sasa wanaume waliufuata chini ya ukingo, wakichimba mapango ya kuingia kwa kutambaa.

"Baba Mwelu, toka humo."

"Uji umefika? Ngoja kidogo, lori iko njiani."

"Toka kwanza. Ndege wamekataa kuingia kwao."

Kicheko kikatoka pango la pili, alimolala rafiki yake Kimeu akichimba. "Asi! Shemeji, siku hizi ndege ndio manyapara wetu?"

"Na wewe toka, Mwangangi."

"Nikitoka, hao ndege watanijazia lori?"

Kimeu naye akacheka. Munyiva aliweka kibuyu chini, akajifunga leso vizuri, akatambaa hadi ndani na kuketi kando yake. Palikuwa na baridi, na harufu ya udongo uliolowa.

"Wazimu gani hii? Mwelu atabaki na nani?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza."

Kimeu akaacha kuchimba. Ndipo wote wawili wakasikia, juu ya vichwa vyao, mchakacho mdogo kama wa mahindi yanayomiminwa taratibu kwenye debe.

Alimsukuma mkewe nje, naye akamfuata mbio.

"Mwangangi, toka!"

"Kumbe umeoa ndege?"

Uzi wa udongo ulikuwa ukishuka mlangoni mwa pango lake. Kimeu aliinama. Alimkamata miguu yote miwili akamvuta. Mwangangi alitoka kifudifudi, akitukana, mchanga kinywani. Alikuwa amepiga magoti, ngumi juu, wakati ukingo ulipokaa chini kama ng'ombe aliyechoka.

Vumbi lilipotulia, mapango hayakuwepo. Wala mashimo. Ndege waliruka wakizunguka pale pale, wakilia.

Ngumi ya Mwangangi ilifunguka polepole. Alitema mchanga, akatema tena.

"Sasa," akauliza kwa sauti ndogo, "kesho tutachimba wapi?"

Kimeu aligeuka. Alikuwa akitazama juu ya mto, kule kwenye kona, ambako miguu ya wanaume wengine, walioendelea kuchimba, ilikuwa imechomoza chini ya ukingo ule ule. Munyiva alikuwa ameshaanza kukimbia kuwaendea, leso ikimfunguka, akiita kila jina alilolijua.