Reli Akiwa Jukwaani

Chepkemoi alikuwa amelala kifudifudi pembeni mwa jukwaa, kamera imebanwa shavuni, akisubiri vumbi litulie. Halikutulia. Vijana waliojaa ukumbi ule mkuukuu karibu na stesheni ya Nakuru walikuwa wakirukaruka pamoja, na kila walipotua, sakafu ya mbao ilitoa unga mweupe uliopanda taratibu kama usingizi, ukakutana na jua la saa kumi lililopenya kwenye matundu ya mabati.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, mwaka 2007. Mburu, aliyeandaa onyesho la muziki, alichuchumaa akampigia kelele sikioni.

"Piga wasanii peke yao! Watu achana nao. Bango linataka sura!"

Mabango ya Mburu yalitolewa fotokopi, na ndiyo maana alitaka filamu nyeusi na nyeupe. Mjini aliyekuwa bado akiisafisha ni mzee Mayur tu, katika studio yake ya picha za pasipoti na harusi. Chepkemoi alikuwa ameajiriwa pale mwaka wa nne sasa.

Kabla ya muziki kuanza alikuwa amepita nyuma ya pazia akiuliza kila msanii jina. Kijana mmoja mrefu, shati limefungwa vifungo vyote hadi kooni, alifungua mdomo kumjibu.

"Si... Si... Si..."

Mishipa ya shingo ilimsimama. Akatabasamu kwa aibu, akachukua kalamu mkononi mwa Chepkemoi na kuandika mwenyewe: Situma. Chini yake akaandika jina la jukwaani: Reli.

Sasa Reli alikuwa akipanda ngazi, na Chepkemoi alimlenga kwa kamera. Midundo ilianza. Kijana alisimama akiwa ameinamisha kichwa, maikrofoni chini ya kiuno, akiiacha midundo minne impite, kisha minane. Watu wakaanza kuguna.

Halafu akainua mkono.

Maneno yalimtoka yakiwa yameshikana, moja likilivuta jingine, bila hata pengo la kupitisha wembe. Alitaja asubuhi za mtaa wao, maji ya kuteka gizani, kazi ya kubeba magunia ya ngano iliyoshuka kutoka Mau Narok. Ukumbi ulilipuka. Chepkemoi hakusikia mlipuko vizuri. Besi ilikuwa imemwingia mbavuni, na kwa muda alijiona kama mtu aliye chini ya maji, akitazama juu mahali ambapo mtu mwingine anapumua bila taabu. Alikumbuka kazi yake. Akaizima taa ya kamera ili asiuue mwanga uliokuwepo, akazuia pumzi, akabonyeza. Alipiga picha kumi na moja za kijana yule peke yake.

Mburu alitumia picha ya msanii mwingine.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi ikaja Januari ya ghasia na moto. Mayur alifunga milango ya chuma. Chepkemoi alikimbilia kwa dada yake Gilgil, akalala juu ya mkeka akisikiliza redio ikitaja mitaa ambayo aliijua kwa miguu. Aliporudi mjini katikati ya Februari, harufu ya moshi ilikuwa bado kwenye mapazia ya studio.

Mama mmoja aliingia Alhamisi asubuhi. Alikuwa na sweta la mtu mwingine, lenye mikono mirefu kuliko ya kwake, na alisimama karibu na mlango kama asiyetaka kuchafua sakafu.

"Naitwa Eucabeth," alisema. "Tuko kambi ya waliokimbia makwao, kule uwanja wa Shoograundi. Huyo Mburu ameniambia kuna msichana alikuwa anapiga picha kwa ngoma zao. Kijana wangu alikuwa anaenda kusikiliza. Situma. Mrefu, hivi."

Chepkemoi aliweka chini kitambaa alichokuwa akipangusia lenzi. "Karibu ukae, mama."

"Picha zetu zote zilichomeka na nyumba. Jumamosi tunamzika Bungoma. Sina hata moja ya kuweka juu ya sanduku."

Mayur, aliyekuwa akihesabu bahasha, aliacha kuhesabu.

"Alikuwa anatoka kazini," mama akaendelea, sauti yake ikiwa sawasawa, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo mara nyingi. "Wakamsimamisha njiani. Walimuuliza jina tu, wajue kabila. Jina." Alivuta mikono ya sweta. "Wewe hukumjua. Jina lake lilikuwa linamchelewa kinywani, na hawakumngoja."

Chepkemoi alitaka kusema kwamba alimjua. Badala yake akaenda kabatini, akatoa karatasi ya vijipicha vidogo vya filamu nzima, akaiweka chini ya taa na kumpa mama kioo cha kukuzia.

Eucabeth aliinama. Alipitisha kioo kwenye ukingo wa chini wa kila kijipicha, palipoonekana vichwa vya watazamaji, vingine nusu, vingine ukungu. "Si huyu. Huyu pia si yeye. Huyu ana masikio makubwa."

"Mama," alisema Chepkemoi, "usimtafute huko chini. Angalia juu."

"Huko juu ni waimbaji."

"Ndiyo."

Kioo kilisimama. Nje, mkokoteni ulipita ukigonga mashimo, ukaenda zake, na kioo kilikuwa bado hakijasogea.

"Huyu ameshika maikrofoni," alisema Eucabeth.

"Ndiyo, mama."

"Situma hawezi. Kanisani alikataa hata kusoma matangazo. Shuleni walimwambia akae nyuma, asichekeshe wenzake."

"Alikaa hapo juu muda mrefu, na hakukwama. Hata mara moja. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo na wewe."

Mama alimtazama kwa hasira kwanza, kama mtu anayedanganywa na mgeni katika siku mbaya. Kisha hasira ikapoteza mahali pa kukaa.

"Alikuwa anasema nini?"

Chepkemoi alifumba macho. Yalikuwa mengi, na yalikuwa yamepita haraka. "Kuna mahali alimtaja mamake, akasema... 'Mathe huamka jogoo akiwa bado kwa ndoto, unga kwa vidole, mafuta yameshapata moto.' Hapo ndipo watu walipopiga kelele."

Eucabeth aliangalia vidole vyake. "Ni maandazi," alisema polepole. "Nilikuwa nauza maandazi."

Mayur alikohoa. "Karatasi nzuri zimebaki mbili, Chepkemoi," alisema. "Tumia zote. Na umwache mama aingie."

Waliingia kwenye chumba cha giza, wakasimama bega kwa bega chini ya taa nyekundu. Chepkemoi alichagua picha aliyoona inafaa msibani: Situma kabla ya kuanza, kichwa kimeinama kidogo, midomo imefungwa. Ilipojitokeza ndani ya dawa, mama aliitikia kwa kichwa.

"Huyu ni yeye. Ndivyo alivyokuwa nyumbani." Kisha akageuka. "Na ile nyingine, ya kuimba?"

"Ile amefungua mdomo sana, mama. Watu wa kwenu huenda wakasema."

"Nitengenezee ile."

Karatasi ya pili ilizama ndani ya trei. Palipo na weusi mwingi ndipo hutangulia, kwa hiyo mdomo ndio uliokuja wa kwanza, peke yake, wazi, ukielea katikati ya weupe. Eucabeth alishika ukingo wa meza. Kisha nyusi zikaja, maikrofoni, kifungo cha kooni, na mwisho mashavu, polepole, kama mtu anayekaribia kutoka mbali na hana haraka. Mama hakulia. Alisogeza uso hadi Chepkemoi akaogopa utagusa dawa.

"Ngoja zikauke hadi jioni," Chepkemoi alisema walipokwisha kuziosha.

"Gari letu linaondoka saa nane."

Mayur alitoa kioo kwenye fremu ya dirishani, iliyokuwa na picha ya bibi harusi wa miaka mingi iliyopita, akakifuta kwa mkono wa shati. Eucabeth aliiacha ile picha ya midomo iliyofungwa ikiwa kwenye kamba. Ile ya pili akaitaka juu ya kioo, mbichi ilivyokuwa, akaibeba kwa viganja viwili.

Chepkemoi alimsindikiza hadi mlangoni. Mji ulikuwa wa watu wachache, kila mmoja akipita upande wake bila kumwangalia mwenzake. Kwenye kona, mwanamume mwenye baiskeli alisimama akachungulia kile kioo. Akauliza jambo. Mwanamke aliyebeba sukuma wiki akasogea, na nyuma yake askari wa lango la benki.

Walikuwa mbali, hakuna neno lililomfikia Chepkemoi. Aliona tu vichwa vitatu vikiinama karibu karibu, na mama katikati yao akizungumza, akizungumza, huku maji yakidondoka kutoka ukingo wa kioo na kuingia ndani ya mikono mirefu ya sweta.