Ndiyo za Neville Petch

Kuuliza si ujinga, lakini Neville Petch alikuwa radhi afilisike kuliko kuuliza. Ndivyo alivyoumbwa. Miaka sitini na moja ya kuishi Withernsea, mji mdogo wa pwani ya Uingereza, hajawahi kumwambia mtu "sijaelewa," na mtu wa aina hiyo ndiye madalali wa umeme wanayemtafuta kwa tochi.

Tena duka la samaki na chipsi halikuwa lake. Lilikuwa la baba mkwe, likaja kwa mkewe, Lorraine, na jina la Lorraine ndilo lililokuwa kwenye karatasi zote. Neville alikaanga, uso ukutani, mgongo kwa wateja. Lorraine alisimama kaunta akifunga chipsi na kusikiliza shida za mji mzima. Bei ya umeme ilipopanda kama imerogwa, Lorraine ndiye aliyekesha wiki tatu na daftari akilinganisha kampuni. Huko kila mwenye duka hujichagulia kampuni ya kumuuzia umeme, na neno la kwenye simu ni mkataba tayari. Anayenunua umeme wa nyumbani akikosea ana siku kumi na nne za kughairi. Mwenye duka hana hata dakika.

Kwa hiyo alimpa mumewe sharti moja tu. "Madalali wakipiga simu, Neville, sema mwenyewe hayupo. Usiwaambie ndiyo, hata wakikuuliza kama leo Jumatatu."

Basi. Siku Lorraine alipokwenda kung'oa jino, simu ikalia.

Barua ya kampuni ilipofika, ilisema miaka mitatu, bei mara nne ya ile ya zamani. Lorraine alipiga hesabu, akaona duka halifiki Pasaka. Neville akaitazama barua kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Mimi nilimwambia anitumie karatasi tu," alisema. "Walaghai hawa."

Na Lorraine akamwamini. Hapo ndipo panaponiuma mimi ninayesimulia. Alimwamini, akaandika malalamiko, akaidai kampuni itoe simu waliyorekodi, akaweka karatasi kaunta kando ya chupa ya siki, wateja watie sahihi kumtetea mumewe. Zikafika sahihi mia mbili na kumi na nne. Baani watu walimnunulia Neville bia za pole. Alizinywa zote. Alijua kilichomo kwenye ile simu. Wiki saba nzima angeweza kufungua kinywa, akaona afadhali kesho.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia Ijumaa moja ya Novemba, saa tisa alasiri, duka likiwa limefungwa kusubiri wateja wa jioni. Lorraine aliweka kompyuta mezani, amechangamka.

"Wameileta. Nilidhani wataificha. Kaa, mpenzi, tuwasikilize wanavyojiumbua."

"Niangalie mafuta kwanza."

"Mafuta gani? Hujawasha hata jiko."

"Lorraine."

"Nini?"

Pale palikuwa na nafasi ya kusema. Ndogo, lakini ilikuwepo. "Hamna kitu," alisema Neville, akakaa.

Sauti ya dalali ikatoka, laini kama siagi. "Bwana Petch, wewe ndiye mwenye biashara?"

"Ndiyo." Hiyo ilikuwa sauti ya Neville. Lorraine akakunja uso.

"Umeielewa bei ya uniti, na tozo ya kila siku?"

"Ndiyo, ndiyo. Mimi sikuzaliwa jana."

"Unakubali miaka mitatu?"

"Ndiyo."

"Kuna mtu yeyote ungependa kushauriana naye kwanza? Mkeo, labda?"

Kikasikika kicheko. Lorraine alikijua kicheko kile, cha Neville akiwa na wanaume wasiomjua. "Mke wangu? Yule anafunga chipsi tu. Mambo ya akili niachie mimi."

Lorraine akafunika kompyuta taratibu. Neville alitamani apigwe, atukanwe, atupiwe kitu.

"Miaka thelathini na minne," alisema Lorraine. "Ndivyo unavyonisema nikiwa sipo?"

"Nilikuwa najitutumua tu. Yule bwana alikwenda mbio, sikuelewa hata neno moja."

"Si ungemwambia."

"Niliona aibu."

"Na sasa unaona nini?"

Neville akaangalia jiko lisilowashwa.

Lorraine akaisukuma kompyuta kando. "Njia imebaki moja. Duka si lako. Uwaandikie kwamba ulidanganya, kwamba hukuwa na ruhusa ya kusema ndiyo. Huenda wakauvunja mkataba, huenda wasiuvunje. Lakini kabla ya barua, utawaambia kwanza wale mia mbili na kumi na nne waliotia sahihi. Sitaki mtu wangu yeyote abaki na uwongo wako tumboni."

Saa kumi na nusu alivaa aproni ya Neville, akawasha majiko, akageukia ukuta. "Leo nakaanga mimi. Wewe simama kule."

Neville akasimama kaunta. Hakuwahi kujua kwamba kutoka pale unawaona wote, hadi wa mwisho mlangoni. Wa kwanza alikuwa mzee Garbutt, ambaye sahihi yake ndiyo iliyoongoza karatasi.

"Eh, leo mfalme ameshuka kitini," alisema Garbutt. "Vipi, wale wezi mmewapata?"

Neville alimimina chipsi juu ya karatasi, akatia siki, akaanza kukunja. "Hawakutuibia," alisema. "Nilisema ndiyo. Niliwaambia duka ni langu."

Garbutt akakohoa. "Haya, mtu huteleza. Ndiyo tu hiyo, basi."

Neville angeweza kuishia pale. Nyuma yake mafuta yalitokota, na Lorraine hakugeuka.

"Si hiyo tu," alisema. "Waliniuliza kama ningependa kushauriana na mke wangu. Nikacheka. Nikasema yeye anafunga chipsi tu."

Hakuna aliyecheka. Garbutt alimtazama Lorraine mgongoni, kisha akaishusha miwani yake na kukitazama kifurushi mikononi mwa Neville, upande mmoja umefumuka, siki inachuruzika kwenye karatasi ya sahihi.

"Funga upya, Neville," alisema. "Zinamwagika."