Mabega ya Chiriku

Mtoto wao walimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza. Aliongea akila, akioga, akivalishwa viatu, na hata usingizini alikuwa na mazungumzo yake. Baba yake, mpaka rangi wa majumba, alikuwa akisema kwamba mwizi akimwiba huyu atamrudisha mwenyewe kabla hajafika mbali. Pumu ilipomshika tu ndipo nyumba ilipokuwa kimya, na mama yake akajifunza kuogopa kimya kuliko kelele.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi kwa barabara. Kwa ajili ya kifua cha mtoto alifagia vumbi la vitambaa asubuhi na mchana, na baba alivua nguo za kazi nyuma ya nyumba, akanawa rangi mikononi, ndipo akaingia ndani.

Siku ya mkasa wenyewe, Chiriku alirudishwa kutoka shuleni na mwalimu wake, mabega yamepanda mpaka masikioni, anavuta pumzi kama anayenyonya kwa mrija ulioziba. Dawa ya kuvuta haikusaidia. Jirani akapiga simu, na gari la wagonjwa likafika upesi kuliko walivyotegemea. Akashuka mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutuliza watu. Dereva alimwita Shangazi.

"Njoo mwanangu, njoo kwa Shangazi," akasema, akambeba mwenyewe, akamlaza chali kwenye machela, akamfunga mkanda kiunoni na kumvalisha barakoa ya oksijeni. Baba akapanda mbele kwa dereva. Mama akapanda nyuma.

Njiani Chiriku akataka kuinuka. Alijisukuma kwa viwiko, shingo imekaza.

"Mshike mabega, mama," Shangazi akasema. "Asiinuke. Gari likikata kona atadondoka."

Mama akamshika. Chiriku alimtazama usoni, akasukuma, akasukuma tena, visigino vikigonga chuma cha machela. Mama akamkandamiza taratibu, kama mtu anavyomshika mtoto anapochomwa sindano, akimwambia tulia, tulia mwanangu, tumekaribia. Akatulia. Walipoingia lango la hospitali alikuwa ametulia kabisa.

Shangazi hakuondoka. Zamu yake ilikwisha akabaki. Alisimama na mama pale korido, akamvika sweta lake, akaenda naye mpaka chumba cha maiti akiwa amemshika kiuno. Siku za msiba alikuja, akapita moja kwa moja jikoni bila kuulizwa, akaosha masufuria ya watu asiowajua. Baba Chiriku hakusahau hilo. "Yule mama," alikuwa akisema, "hata ndugu zangu wa damu hawakufanya alivyofanya yule mama."

Baada ya hapo cherehani ikawa mzigo. Kila sare iliyoletwa ilikuwa ya kimo chake au karibu na kimo chake. Fundi alikata shingo ndogo, akapinda mikono mifupi, na mara kwa mara alijikuta amekaa tu na kitambaa mapajani, mguu ukikanyaga pedali na uzi haupo. Wateja wakaanza kwenda kwingine, kwa aibu, kama watu wanaohama msikiti au kanisa.

Ni Shangazi aliyeleta wazo. Alikuwa akipita kumjulia hali kila alipotoka kazini, na siku moja akasema, "Mama Chiriku, kituoni wanatafuta watu. Siku hizi hupandi gari bila kusomea. Wanafundisha, wanakupa cheti. Wewe una mikono mizuri, na moyo unao."

Mumewe hakupenda. "Unataka ukutane nayo kila siku?"

"Naikuta kila siku hapa hapa ndani."

 Asubuhi ya kwanza ya mafunzo mumewe alimsindikiza mpaka njia panda, akiwa amembebea mkoba.

Darasani wengi walikuwa vijana ambao angeweza kuwazaa. Walimwita mama, wakamwachia kiti cha karibu na dirisha, wakacheka alivyofunga bendeji. Mmoja alisema mgonjwa wa mama akipona atataka aongezewe na mfuko wa nyuma. Hata yeye alicheka, na kicheko hicho kilimshtua, kwa sababu alikuwa amekisahau. Mwalimu wao, muuguzi mstaafu aliyevaa miwani iliyofungwa kwa kamba, alimsifu mbele ya wote. Kwa wiki kadhaa fundi aliamka akiwa na pa kwenda. Alianza kula. Alianza kumweleza mumewe aliyojifunza, jinsi ya kuzuia damu, jinsi ya kumgeuza aliyezimia, na mumewe alisikiliza kwa makini kama anayesimuliwa habari za nchi ya mbali.

Kisha wakafika kwenye pumu.

Mwalimu alimwita kijana mmoja alale juu ya meza, ajifanye hawezi kupumua. "Sasa tazameni kosa ninaloliona tangu nianze kazi," akasema. "Watu wanamlaza. Mwenye pumu halazwi chali. Akilazwa, pumzi kidogo aliyonayo inakuwa ngumu zaidi. Mkalishe. Aegemee mbele, mikono magotini. Na hata usipojua chochote, mtazame yeye mwenyewe. Mkimlaza, atapigana ainuke. Huo si ubishi. Mwili unajua. Mwacheni ainuke."

Kijana pale mezani alijisukuma kwa viwiko, akiigiza, na wenzake wakacheka kidogo.

Fundi akanyoosha mkono. "Na kama mtu amemshikilia, mwalimu?"

"Amemshikilia vipi?"

"Mabega."

Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Hakugeuka. "Basi huyo, mama, anamziba pumzi iliyobaki. Tuendelee."

Wakaendelea. Fundi alikaa na mikono yake mapajani, viganja juu. Mapumziko yalipofika alikwenda kwenye bomba la uani akaiosha, akaifuta, akaiosha tena, mpaka kijana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akamuuliza kwa heshima kama amemaliza.

Jioni mumewe aliuliza, kama kawaida, "Leo mmefundishwa nini?"

"Mambo ya kifua."

Akaacha kutafuna. "Wakasemaje?"

Alimtazama. Nywele zilikuwa na rangi nyeupe ya dari aliyopaka siku ile. Bado alikuwa akivua nguo za kazi nje, ingawa hapakuwa tena na kifua cha kulinda.

"Wamesema ni ugonjwa mbaya."

"Ndiyo hivyo," akasema mumewe. "Tulifanya lililowezekana."

"Ndiyo."

Alifikiria kuacha. Lakini kuacha kungetaka sababu, na sababu hakuweza kuitamka. Akamaliza mafunzo, akapewa cheti na sare ya kijani, na kwa kuwa kila mtu kituoni alijua habari zao, wakubwa wakadhani wanamfanyia wema: wakampanga gari moja na Shangazi.

Dereva wao aliitwa Breki, kwa sababu hakuwa na habari nazo. Alikuwa mtu wa maneno mengi na Shangazi alikuwa akimjibu yote, na katikati yao fundi alikaa kimya. Kazi ilikuwa nyingi: mjenzi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa, mama mjamzito, mzee wa kisukari. Shangazi aliwashika wote kama wanawe. Aliwajua kwa majina ya utani aliyowapa ndani ya dakika moja, na waliompenda zaidi ni wale waliokuwa na hofu zaidi. Fundi alimtazama akifanya kazi, na mara nyingine chuki ilimpanda, kisha Shangazi angegeuka na kumsukumia nusu ya chapati yake, na chuki ingeshuka, ikimwachia uzito tu.

Mchana mmoja hapakuwa na simu. Walikuwa wanaosha gari, milango ya nyuma wazi, Breki amekwenda kutafuta soda. Shangazi alikuwa anasugua machela.

"Unajua mimi sikuomba kazi hii," akasema. "Nilikuwa mfagiaji hospitalini, kule wanakopokelea wagonjwa. Siku moja mhudumu wa gari hakutokea. Dereva wa wakati huo, marehemu, akaniona na ufagio wangu, akasema, wewe mama, panda, ushike tu ile chupa ya maji. Nikashika." Akacheka. "Sijashuka mpaka leo."

"Nani alikufundisha?"

"Macho. Na huyo marehemu. Wanasema na mimi zamu yangu ya kusoma inakuja, ila kila mwaka wanapeleka vijana kwanza."

Fundi alikamua kitambaa. Alijua kwamba angeweza kunyamaza. Alikuwa amenyamaza kwa mumewe, na nyumba ilikuwa bado imesimama.

"Shangazi. Mwenye pumu unamwekaje?"

"Chali, na mkanda. Akikaa anadondoka." Alisema bila kufikiri, mkono ukiendelea kusugua. Kisha mkono ukasimama. Alimtazama fundi usoni kwa muda mrefu. "Kwani nyie mmefundishwa vipi?"

"Anakalishwa."

"Kila mara?"

"Kila mara. Akilazwa hapati pumzi. Ndiyo maana wanataka kuinuka."

Shangazi akakaa kwenye ngazi ya gari. Maji machafu yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye kitambaa mpaka ndani ya kiatu chake, na hakukiondoa.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu darasani."

"Na ukapanda gari na mimi siku zote hizi."

"Mimi ndiye niliyemshika mabega," fundi akasema.

"Mimi ndiye niliyekwambia umshike."

 Kila mmoja alingoja mwenzake alie, ili apate wa kumbembeleza, na hakuna aliyelia. Baadaye Shangazi akasema, kwa sauti ndogo, "Hakuwa yeye peke yake, mama Chiriku. Wapo wengine. Nawaona nyuso." Breki akarudi na soda, akawaambia wamemwoshea gari vizuri mpaka anaogopa kuliendesha, na wote wawili wakapokea chupa zao.

Tangu siku hiyo Shangazi hakushika tena mgonjwa. Waliitwa kwa babu aliyeteleza bafuni, akasimama mlangoni amekumbatia mkoba wa dawa. "Shika wewe," akasema. "Mimi nitabeba hivi." Babu alimnyooshea mkono, kama wote walivyozoea kumnyooshea, naye akarudisha wake nyuma. Baada ya siku chache hakuja kazini. Breki alikwenda kwake, akaambiwa na jirani kwamba amehamia kwa kaka yake, mbali, na ameacha sare imekunjwa, irudishwe kituoni.

"Mlikosana?" Breki akamuuliza fundi.

"Hapana."

"Basi ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ukweli, kwamba mwenye pumu halazwi."

Breki akabadili gia. "Na alipoujua, kuna aliyefufuka?"

Fundi alitazama nje. Alikuwa amejiuliza swali hilo hilo, ila yeye alikuwa amejiuliza kwa ukali zaidi. Alitaka kuamini kwamba alisema kwa ajili ya watoto wengine. Lakini alijua kwamba pale penye ngazi ya gari, kabla ya kufungua mdomo, kilichomsukuma ni kwamba alikuwa amechoka kubeba peke yake.

Nyumbani mambo yalimalizika kwa njia ndogo tu. Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia, na mumewe, asiyejua kwamba Shangazi amehama, akasema anataka waende wote wawili kwa Shangazi kumshukuru rasmi. Alikuwa ameshawaza zawadi: angempakia nyumba yake rangi, nje na ndani, bila malipo.

"Usiende," fundi akasema.

"Kwa nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote akiwa amesimama karibu na cherehani iliyofunikwa shuka: machela, mkanda, darasa, kijana juu ya meza, mikono yake mwenyewe. Mumewe alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mumewe akasema, "Nilikuwa mbele. Nilisikia kitu kinagonga. Nikadhani ni gari, limechakaa."

"Baba Chiriku."

"Nilimwambia dereva, hili gari lenu lina kitu kimelegea."

Fundi alimkaribia amguse, naye mumewe hakukwepa wala hakumshika. Hakumlaumu usiku ule wala siku zilizofuata. Aliendelea kumwamkia, kumsogezea maji ya kunywa, kumuuliza kama mvua imemnyeshea. Ila hakumuuliza tena wamefundishana nini, wala amembeba nani. Alianza kukubali kazi za mbali, majengo ya kulala huko huko, na kila safari ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Siku aliyorudi kuchukua ngazi zake zote, fundi alimsaidia kuzifunga kwenye toroli. Hakuna aliyesema kwamba ni mwisho.

Kituoni walimletea mwenzake mpya, binti aliyetoka moja kwa moja darasani, sare bado ina mikunjo ya dukani. Hakutulia kitini. Alikagua mkoba, akakagua mtungi wa oksijeni, akaukagua tena.

"Mama, wewe uliingiaje kwenye kazi hii?" akauliza, gari likiwa njiani.

"Nilikuwa nashona."

"Ukachoka kushona?"

"Nikachoka."

Binti alitabasamu, akasema yeye alianza kuipenda tangu utotoni, alipoona wanamwokoa mjomba wake. Fundi akamwambia ni vizuri. Breki akakata kona, na wote wawili wakashika chuma cha juu, wasidondoke, mpaka gari liliposimama mbele ya nyumba iliyojaa watu mlangoni, na fundi akashuka kwanza.