Tano Nukta Nane

Maji yalikuwa yameteremka tena kwenye kioo, upande wa ndani, yakajaa ukingoni mwa dirisha na kuanza kudondokea kitanda. Mbithe alifungua leso aliyojifunga kiunoni, akafuta. Alipofika mwisho wa dirisha akatazama alikoanzia, na kioo kilikuwa kimeshaanza kutoa jasho upya. Akaikamua leso ndani ya beseni, akaanza tena. Julai ya Ruiru haina adabu. Baridi ikishaingia kwenye saruji haitoki, hata uiombe kwa magoti.

Kitandani alilala Carolyne, bintiye, blauzi imefunguliwa vifungo, mtoto amefungwa kifuani ngozi kwa ngozi. Mtoto alikuwa amezaliwa kabla ya wakati, hata jina hajapewa, na kichwa chake kizima kilienea ndani ya kofia iliyokatwa kutoka kwenye soksi. Mashine ya joto ilikuwa moja tu katika wodi ile, na ndani yake walikuwa wamelazwa wawili tayari. Waliobaki walitegemea vifua vya mama zao na joto la chumba.

"Hebu mguse miguu, mama," Carolyne alisema.

Mbithe akagusa. Ilikuwa baridi.

"Iko sawa," akasema.

Sista Amida, muuguzi wa zamu, alikuja na kipimajoto. Alikisoma, akakisoma tena, akakifuta. Kisha akageukia blanketi ambalo Mbithe alikuwa amelitundika juu ya dirisha tangu jana.

"Hili nalo litoke, Mama Carol. Uzinduzi wa wodi ni Ijumaa. Injinia amesema wageni wanataka kuona vioo."

"Wageni wataona vioo. Na huyu mtoto ataona nini, sista?"

Sista Amida alitazama mlangoni kabla ya kujibu. Akainama, akaweka kidole kwenye kona ya chini ya kioo, palipobaki stika ndogo yenye namba: 5.8.

"Unaijua hii?"

"Si ndiyo joto lake? Tulichagua wenyewe."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Fundi aliyekuja kurekebisha komeo ndiye ameniambia. Hiyo namba inapima joto linalotoroka kupitia dirisha. Ikiwa kubwa, joto lingi linaenda nje. Ile ndogo ndiyo ilikuwa nzuri, mama."

Mbithe alihisi uso ukimwaka. Hakuna kitu kingine kilichopata moto mle ndani asubuhi ile.

Maana ni rahisi kusema wananchi walichagua. Aliyechagua ni yeye.

Ilikuwa Februari, jua la kuchoma kisogo, hema limefungwa kwenye uwanja wa kanisa pale Gitothua. Kikao cha maoni ya wananchi. Vikao hivyo tunavijua sote: unaitwa utoe maoni juu ya jambo ambalo hukuwahi kuelezwa, unapewa soda na mkate, unapigwa picha mkono ukiwa juu, unaenda nyumbani ukijiona mtu. Mbele walibandika picha mbili za madirisha yaliyofanana kama mapacha. Tofauti ilikuwa namba zilizoandikwa chini yake. Moja nukta sita. Tano nukta nane.

"Wananchi," alisema Injinia Kisilu, msimamizi wa mradi, "haya ni ya wodi ya watoto wachanga. Hizi namba ni za mambo ya joto. Serikali haitaki kuwaamulia. Mnataka lipi?"

Mambo ya joto. Alieleza hayo tu, akakaa kimya. Watu wakatazamana. Nani atakuwa wa kwanza kuuliza, aonekane mjinga mbele ya majirani? Ndipo mtu wa nyuma akapaza sauti: "Muulizeni Mama Carol! Si ndiye mwenye kutufunika sisi wote?"

Wakacheka, naye akacheka. Mbithe huuza blanketi za mitumba soko la Githurai 45, na hakuna nyumba ya Gitothua isiyo na blanketi yake. Na blanketi ni kilo. Ya kilo mbili unampa mgeni usiyetaka arudi. Ya kilo sita, lala nayo hata barazani. Namba kubwa, joto kubwa. Hiyo ndiyo elimu iliyomsomesha Carolyne mpaka kidato cha nne. Basi akasimama, akaweka soda chini.

"Watu wetu, sisi si wa kutupiwa makombo! Mtoto akikuletea moja nukta sita kutoka shule, utampikia chapati? Watoto wetu wapewe ile kubwa. Tano nukta nane!"

Woi, makofi yale! Rachael, jirani yake wa ploti moja, alipiga vigelegele mpaka akapaliwa. Injinia Kisilu alitabasamu, akamwita mwaitu, yaani mama, kwa Kikamba chao. "Mwaitu amesema. Wanaomuunga mkono?" Mikono ikapanda. Kamera ikalia. Mbithe alitembea wiki nzima kichwa juu.

Sasa alikuwa amesimama na leso mbichi mkononi, anatamani sakafu ipasuke.

"Huyo Kisilu anapatikana wapi?" akauliza.

"Mugutha," Sista Amida alisema. "Anajenga." Halafu akaharakisha kwenda kitanda kingine, kama mtu ambaye hajasema lolote.

Geti la Mugutha lilikuwa wazi. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, bado haijapakwa rangi, mafundi juu ya ngazi wakipachika madirisha. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mwanamke mzee mwenye leso na kapu huchukuliwa kuwa mpishi wa mafundi. Akaingia sebuleni. Dirisha lilikuwa refu kutoka sakafuni, na pembeni, pale ambapo fremu haijafunikwa, aliona vioo viwili na uwazi mwembamba katikati. Stika ilikuwa bado haijabanduliwa. 1.6.

Akaweka kiganja juu ya kioo. Nje upepo ulikuwa unainamisha miti, na kioo hakikuwa na habari. Akakiacha kiganja pale, akifikiria ile miguu midogo, hadi aliposikia viatu nyuma yake.

"Mwaitu! Karibu sana. Umekuja kuona nyumba yangu mimi mtoto wako?"

"Nimekuja kuuliza madirisha."

"Uliza tu."

"Siku ile ulijua namba kubwa ndiyo mbaya?"

Injinia Kisilu hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali.

"Nilijua. Si mimi ni injinia?"

"Na ukanyamaza."

"Mlikuwa mnapiga makofi, mwaitu. Ningewapinga wananchi? Sheria inasema tuwasikize, nikawasikiza. Ningesema hapana, mngesema nawaletea dharau. Picha ziko. Wewe umesimama, mdomo wazi, mkono juu. Imetoka vizuri sana."

"Na haya?" Mbithe aligusa fremu.

"Haya yalikuwa yameshafika. Mkayakataa. Ungetaka niyatupe?"

Njiani alikuwa amejipangia maneno. Mazito, ya Kiswahili na ya kwao, ya kumvua mtu nguo mchana kweupe. Lakini kila alipofungua mdomo aliisikia sauti yake mwenyewe ndani ya lile hema, ikijidai, ikiwachekesha watu kwa chapati. Atamwambia nani kwamba alidanganywa, na hakuna aliyemdanganya kwa mdomo? Kilichotoka kilikuwa kidogo sana.

"Mjukuu wangu amelala chini ya kile kioo."

"Aa! Mbona hukusema mapema?" Kisilu alitoa simu papo hapo. "Kuna kile kitanda cha ukuta wa ndani. Nyuma yake ni jiko la wauguzi, ukuta hauishi joto. Leo leo atahamishwa. Mimi nawe ni watu wa nyumba moja." Akaifunika simu kwa kiganja. "Lakini nawe Ijumaa utanisaidia kusalimia wageni. Maneno mawili. Wananchi waliulizwa, wananchi walichagua. Si ni ukweli?"

Wewe uliyeshiba utasema angekataa. Nenda kaguse ile miguu kwanza, halafu uje tuongee.

"Ni ukweli," Mbithe alisema.

Hakuuliza kitanda kile kilikuwa cha nani.

Aliporudi wodini Carolyne alikuwa ameshahamishwa. Ukuta ulikuwa na joto kweli. Ukiuegemea ulisikia mgongo ukilegea. Mbithe aliingiza mkono ndani ya blauzi ya bintiye, akaitafuta miguu ya mtoto. Ilikuwa imepata joto. Machozi yakamtoka, akayafuta haraka, kwa sababu kutoka upande wa dirisha mtu alikuwa anamwita.

"Mama Carol! Umeona tumebadilishana?"

Alikuwa Rachael. Mwanawe wa kiume, aliyezaliwa kabla ya wakati naye, alikuwa kifuani mwake chini ya shuka ya hospitali. Maji yalikuwa yanajikusanya ukingoni, juu ya bega lake.

"Waliniambia mjukuu wako hali si nzuri. Nikawaambia wamlete huku, mimi sina shida. Kwani huku si ndiko kuna lile dirisha ulitupigania?" Rachael alicheka. "Mungu akubariki, mama. Wengine wangenyamaza siku ile."

Mbithe alipaswa kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini akisema, itabidi aseme yote, na yote ni pamoja na kitanda, na kitanda kikirudi kwa mwenyewe, miguu ile itarudi kwenye baridi. Akageuka amtafute Sista Amida. Sista alikuwa anapanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Asante, mwanangu," Mbithe alimwambia Rachael.

Jioni alikwenda nyumbani, akarudi na blanketi zito kuliko yote aliyokuwa nayo, akamfunika Rachael miguu kwa mikono yake mwenyewe. Rachael akambusu mkono. Mbithe aliuficha mkono ule ndani ya leso.

Ijumaa walifika na magari, maua ya plastiki na kipaza sauti. Blanketi zote zilikuwa zimetolewa dirishani tangu alfajiri, na akina mama walikuwa wameambiwa wafute vioo mara kwa mara ili ving'ae. Mgeni rasmi, aliyevaa koti zito, alisifu mwanga. Watu wakakata utepe. Kisilu akaleta kipaza sauti mpaka mdomoni mwa Mbithe.

"Mwaitu, salimia wageni."

Aliwaangalia wote. Carolyne ukutani, usingizi mzuri usoni. Rachael dirishani, amekaa wima ili asikie vizuri. Kisilu hakumtazama Mbithe. Alikuwa anatazama kile kitanda cha ukuta wa ndani, kwa upole, kama anayekihesabu.

"Naitwa Mbithe," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Mimi huuza blanketi Githurai. Tuliitwa. Tukaulizwa. Tukachagua sisi wenyewe. Tunashukuru."

Wageni hawakujua kama amemaliza. Rachael ndiye aliyeanza. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kichwa cha mtoto, kwa hiyo hakuweza kupiga makofi. Akapiga kioo kwa kiganja cha mkono mwingine, pa, pa, pa, akicheka, mpaka wodi nzima ikadakia.

Alipotoa mkono, alama ya kiganja ilibaki kwenye ukungu wa kioo, na maji yakaanza kuteremka kutoka kwenye vidole vyake. Mbithe akafungua leso kiunoni, akapiga hatua.

"Wacha kwanza, mwaitu," Kisilu alisema. "Simama hapo hapo na Rachael. Wanapiga picha."

Akasimama. Akaambiwa atabasamu, akatabasamu. Chini ya ile alama tone la kwanza likafika ukingoni, likangoja kidogo, likaangukia kofia ya mtoto.