Nusu Yake ya Usanisinuru

Orodha ilikuwa na maneno mia nne ya elimu ya mimea, yote kwa mwandiko wa marehemu mume wangu. Wanafunzi wasioona wangeyasikia kwanza silabi kwa silabi, kisha yakiwa kamili. Aliiandaa kazi hiyo kwa miaka miwili. Kwangu lilibaki jambo moja tu, kuisoma.

Fundi wa sauti, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniketisha katika chumba kilichobandikwa sponji hadi darini. Kupitia kioo aliniashiria nianze. Neno la kwanza lilikuwa usanisinuru, yaani kazi ya jani ya kujitengenezea chakula kwa mwanga.

"U," nilisema. Nikanyamaza. "Ni." Nikanyamaza. "Nu."

Alisimamisha mtambo, akaniuliza kwa upole kama koo limenikauka. Nikanywa maji, nikarudia, yakatoka yale yale. Mara ya tatu alinikumbusha kwamba wakubwa walitaka sampuli kabla ya adhuhuri. Ikikosekana, orodha yote angepewa msomaji mwingine.

"Mwalimu wangu, jani lako linapika nusu mlo," alisema. "Silabi nyingine umemwachia nani?"

Hapo ndipo nilipojisikia nikiruka silabi. Kwa miaka thelathini na mmoja kila neno jipya tulilijaribia jikoni, mimi nikiosha vyombo, yeye akivifuta: silabi yangu, silabi yake, naye akigonga sahani kwa kidole. Sa, si na ru zilikuwa zake. Tangu tumzike, maneno yangu ya kutwa hayakuzidi salamu za muuza maziwa, na salamu hazigawanywi.

Nilimweleza. Alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nikuitikie mimi?"

Nilimjibu kwamba wanafunzi wangechanganyikiwa na sauti mbili. Nikashika ukingo wa meza.

"U. Sa." Hiyo ya pili ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayebisha hodi katika nyumba yake mwenyewe. "Ni. Si. Nu. Ru." Kisha neno zima, mkazo ukiwa juu ya nu, mahali pake.

Fundi aliinua kidole gumba. Orodha ikabaki kwangu.

Jioni niliosha sahani moja na kikombe kimoja, nikavifuta mwenyewe, huku nikijiandaa kwa neno la pili. Klo-ro-fi-li. Nilizitamka zote nne.