Vidole vya Euphrasia

Wajukuu, nani atalifumbua hili kabla sijamaliza kumenya viazi? Mwenzake akijikwaa njiani, yeye huruka, ili watu wasijue kwamba mwenzake kajikwaa. Kivuli? Wapi! Mke? Mmekaribia, lakini siyo. Ni mpiga piano wa kusindikiza.

Dada yangu Euphrasia alikuwa huyo. Masista wa Ushirombo walimfundisha tangu mdogo, akawasindikiza waimbaji na wapiga fidla wa misheni, hata mwaka hamsini na mbili klabu moja ya wachimbaji huko Geita ikamchukua ampigie Stanslaus. Stanslaus alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na ngumi ya kumrudisha.

Jumapili moja watu walikuwa nje wakitazama Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya wachezaji wa Kisukuma, wakishindana ngoma. Ndani ya klabu, pamoja na hao wawili, alibaki Mabula, mchimbaji, na pombe yake. Stanslaus, katika mazoezi, akasahau ubeti mzima. Euphrasia akaruka naye papo hapo. Akiyatazama mabega yake tu, alijua pumzi inakwenda wapi.

Lakini Mabula aliwahi kuimba kwaya. Akacheka.

"We Stanslaus, umekula ubeti! Kumbe mwanamke ndiye anayekubeba mgongoni!"

"Rudia."

"Mgongoni, kama kitoto! Haya, nyamaza, usilie..."

Stanslaus akachukua mpini wa sululu uliokuwa mlangoni. Pigo la kwanza lilivunja taya. Yaliyofuata Mabula hakuyasikia. Damu iliruka hadi kwenye vibao vyeupe vya piano. Euphrasia alipopiga yowe, Stanslaus akambamizia kifuniko vidoleni, kisha akakikalia, mifupa ikalia.

"Ukinitaja, nitavikata hivi."

Akautupa mpini, akatokea mlango wa nyuma. Ngassa, mdogo wake Mabula, akaingia, akamwinua kaka yake, akaushika ule mpini akiushangaa. Ndivyo watu walivyomkuta. Nani aulize? Walimburuta nje, wakamfunga kwenye nguzo, wakamvunja meno kwa magongo. Mawe yakaanza. Jicho lake moja likapasuka. Na Stanslaus yumo, jiwe mkononi, sauti yake juu ya zote: "Muuaji! Kaua damu yake mwenyewe!"

Mbuke, mama yao Mabula na Ngassa, aliyekuwa akiuza togwa pale ngomani, akapita katikati ya mawe hadi kwa Euphrasia mlangoni.

"Mwanangu, wewe ulikuwa umeketi mle. Nani kamuua Mabula wangu?"

Jiwe jingine likamfikia Ngassa, shingo ikalegea. Stanslaus akamgeukia dada yangu, mabega yakapanda kama anayetaka kuanza wimbo. Alikuwa anangoja kusindikizwa.

"Nakuuliza, binti. Nani?"

Dada akauinua mkono uliobanwa na kifuniko, vidole vinaning'inia, akaunyoosha kwa mwimbaji wake.

"Stanslaus, mayu, mama yangu. Na leo siruki naye."